Nyoka kagoma kula, hatulii, au kataga bila dume: ni msimu wa kupandana au ni ugonjwa?

Majira yakigeuka, wafugaji wa nyoka huanza kuulizana maswali yale yale. Dume aliyekuwa akidaka panya kabla hujamaliza kufunua kizimba sasa anampita kama hamwoni. Mwingine anazunguka kioo usiku kucha mpaka pua inachubuka. Jike amejiviringisha kwenye bakuli la maji na hatoki. Mwingine ametaga, na tangu aanguliwe hajawahi kukutana na dume.

Mara nyingi jibu ni msimu wa uzazi, na hakuna cha kutibu. Tatizo ni kwamba jibu hilo limezoeleka mno. Kuna nyoka wanakufa kwa ugonjwa wa mapafu huku mwenyewe akiambiwa asubiri, "ni msimu tu, utapita". Kipimo changu ni hiki: msimu hugeuza tabia ya nyoka, lakini mwili wake hubaki mzima. Dume aliyeshikwa na msimu hali, ila mgongo wake bado umejaa, pumzi yake haisikiki, mdomo wake ni safi na ulimi unatoka haraka haraka. Ukiona makamasi, mgongo uliochongoka, mdomo usiofunga au matapishi, weka kalenda pembeni na utafute ugonjwa.

Kwanza pima joto na uzito

Miezi ambayo nyoka wengi huingia msimu ndiyo hiyo hiyo ambayo chumba hupoa. Kizimba kilichopoa na msimu wa uzazi huja pamoja, na dalili ya kwanza ni moja: nyoka hali. Aliyepoa hakatai kwa sababu ya mapenzi. Tumbo lake haliwezi kusaga chakula bila joto, na mwili wake unalijua hilo. Kwa hiyo anza na kipimajoto chenye waya wa kihisi, ukilaze pale nyoka anapolala. Vile vya kubandika ukutani hupima kioo.

Chatu mpira, yaani Python regius, anahitaji upande wa joto wenye nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa ubaridi 25 hadi 27, na unyevu wa asilimia 55 hadi 65. Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, anatosheka na 29 hadi 31 upande mmoja na 22 hadi 25 upande mwingine. Kama namba zimeshuka, rekebisha, subiri wiki mbili, kisha ujaribu kulisha tena kabla hujatoa hukumu yoyote.

Halafu mizani. Ya jikoni ya kidijitali inatosha, inayosoma gramu. Mpime siku moja kila wiki, uandike na tarehe. Bila rekodi hii, karibu kila swali lililo hapa chini utalijibu kwa kubahatisha.

Na mwangalie macho. Yakiwa na ukungu wa buluu au weupe wa maziwa, anajiandaa kujivua. Wengi hukataa chakula kwa siku hizo, wiki moja hadi mbili, na baada ya kujivua hurudi kula.

Dume kagoma kula

Hili ndilo swali linalokuja zaidi, na kwa chatu mpira ni jambo la kutarajiwa kabisa. Siku zikifupika na usiku ukipoa, homoni za uzazi hupanda, na hamu ya chakula huzimika. Nyoka wa ndani hayuko nje ya majira: mwanga wa dirishani unamfikia, na chumba kinapoa hata kama pedi yake ya joto haijabadilika. Akiwepo jike chumba kile kile, mambo huongezeka, maana dume huokota harufu ya jike kwa ulimi na kuipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilicho juu ya kinywa chake. Vizimba viwili vilivyofungwa vizuri havizuii harufu.

Porini ni vivyo hivyo. Huko Manitoba, Kanada, nyoka wa jamii ya Thamnophis sirtalis hutoka mashimoni kwa maelfu kila majira ya kuchipua baada ya kulala miezi ya baridi. Madume wametoka kwenye mfungo mrefu, na bado hukataa chakula kipindi chote cha kuwinda majike. Ukilijua hilo, dume wako aliyeshiba miezi yote na sasa anasusa hakutishi sana.

Sasa jiulize mambo matatu. La kwanza, ana umri wa kuwa na msimu? Chatu mpira dume huanza kukomaa akiwa karibu gramu 500 hadi 700. Nyoka wa mahindi, karibu mwaka mmoja na nusu. Kitoto cha gramu 150 kinachogoma hakina msimu wowote. Huyo ana baridi, au maficho yake ni makubwa na ya wazi mno, au anashikwashikwa kupita kiasi. La pili, wakati unalingana? Chatu mpira wanaofugwa kaskazini mwa dunia hupandana zaidi kati ya Novemba na Machi. Nyoka wa mahindi hungoja baridi iishe, Machi hadi Mei. Kusini mwa dunia miezi hugeuka. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo tazama usiku unapopoa kuliko kutazama jina la mwezi.

La tatu ndilo zito kuliko yote: uzito unasemaje? Dume mzima wa chatu mpira anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula na akapungua kidogo tu. Mimi mpaka wangu ni asilimia 10. Aliyeanza msimu na gramu 900 akifika 810, kungoja kumeisha, hata kama kila kitu kingine kinaonekana sawa. Akipungua haraka, tuseme gramu 40 kwa wiki mbili bila kujisaidia choo kikubwa, usingoje hata afike huko.

Kama yuko ndani ya mpaka, mpe chakula mara moja kila siku 10 hadi 14 na umwache. Kumletea panya kila usiku kunamsumbua, na panya wa kugandishwa aliyeyeyushwa akikaa kizimbani hadi asubuhi anaoza. Panya hai usimwache kabisa na nyoka asiye na hamu, kwa maana nyoka asiyewinda hutafunwa. Nimeona mgongo wa chatu uliotafunwa hadi nyama ikaonekana, na kidonda cha namna ile hupona na kuacha makovu ya kudumu. Kumlazimisha kwa kumsukumia chakula kooni ni kazi ya daktari, na kwa dume wa msimu haina sababu.

Anazunguka usiku kucha, pua imechubuka

Dume anayetafuta jike porini angetambaa umbali mrefu. Ndani ya kizimba, safari yote hiyo huishia kwenye kona nne. Atasukuma kifuniko, atachomeka pua kwenye wavu, atapanda kioo na kuanguka. Msimu ukiwa ndio sababu, mzunguko huanza taa zikizimwa na hutulia asubuhi.

Akizunguka mchana pia, tafuta kingine. Anayelala upande wa ubaridi saa zote anakimbia joto kali. Themostati (kidhibiti cha joto) iliyoharibika au kihisi kilichotoka mahali pake ndiyo hufanya hivyo, na pedi isiyodhibitiwa huunguza tumbo. Asiye na maficho yanayombana pande zote naye hatulii, msimu uwepo usiwepo.

Ondoa wavu wa chuma ndani, funika kioo pande tatu kwa karatasi nyeusi, mhamishe jike chumba kingine ikiwezekana, na ufunge kifuniko kwa komeo la kweli. Miezi hii ndiyo nyoka hupotea nyumbani. Mchubuko mdogo uoshe kwa povidone-iodini iliyozimuliwa hadi iwe na rangi ya chai hafifu, mara moja kwa siku. Midomo ikivimba, au ukiona utando wa njano kama jibini kwenye fizi, hiyo ni maambukizi ya kinywa na inahitaji dawa ya daktari.

Na kama umeweka madume wawili pamoja, watenganishe leo. Madume hushindana kwa kusukumana na kubanana, na anayeshindwa hunyamaza, huacha kula na kukonda.

Vijiti vya njano kwenye gamba lililovuliwa

Watu hudhani ni minyoo. Dume ana viungo viwili vya uzazi vilivyofichwa chini ya mkia, na mabaki ya manii na ngozi hukauka humo yakatoka kama vijiti vya nta, mara nyingi viwili, vya njano au kahawia. Ni kawaida. Minyoo hujinyonga au huwa laini, hivi vinavunjika.

Kisicho kawaida ni shina la mkia kuvimba upande mmoja na kuwa gumu, maana kijiti kimekwama na kinaweza kuleta usaha. Kiungo kikitoka nje na kisirudi ndani ya saa moja hivi, mweke kwenye taulo za karatasi zilizolowanishwa maji safi, bila matandiko yanayoweza kukinatia, na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Kikikauka kinakufa.

Jike ananenepa, anakumbatia bakuli la maji, analala chali

Jike huanza tofauti na dume. Mwanzoni hula kwa pupa, anaweka akiba ya mayai. Kisha mayai yakianza kukua ndani anapunguza, mwishoni anakataa. Ukimtambaza taratibu juu ya vidole unaweza kuhisi mnyororo wa vitu mviringo katika theluthi ya nyuma ya mwili. Usibonyeze, mwache apite kwa uzito wake mwenyewe. Kipindi hiki hutafuta ubaridi, hujizungusha kwenye bakuli, na chatu mpira wengine hulala wamegeuza sehemu ya tumbo juu. Inashtua kuiona, lakini akiguswa hujigeuza mara moja. Asiyeweza kujigeuza, au anayepinda kichwa nyuma kama anatazama dari, ana tatizo la mishipa ya fahamu, na huyo ni wa daktari.

Bakuli la maji ndilo linalopotosha watu. Jike mwenye mayai na nyoka mwenye utitiri hufanya kitu kile kile. Toa bakuli, limwage kwenye sahani nyeupe. Ukiona nukta nyeusi ndogo zimezama, au zinatembea, ni utitiri. Mpanguse nyoka kwa karatasi nyeupe yenye unyevu, kisha uchunguze ukingo wa macho na mfereji ulio chini ya kidevu, maana hapo ndipo hujificha. Maji yakiwa safi, soma joto la upande wa ubaridi. Likizidi nyuzi 28 kwa chatu mpira, anajipoza tu.

Jambo la tatu la kuondoa ni choo. Jike aliyevimba karibu na mkia na hajajisaidia kwa muda mrefu anaweza kuwa amefunga choo, hana yai hata moja.

Halafu inakuja siku moja ambayo wengi huikosa. Katikati ya mwili panavimba ghafla, kana kwamba amemeza windo kubwa, na kesho yake pamepungua. Hapo mayai yamepevuka na kushuka. Andika tarehe. Chatu mpira atajivua wiki mbili hadi tatu baadaye, na mayai hufuata karibu siku 30 baada ya gamba hilo. Kwa nyoka wa mahindi, gamba la kabla ya kutaga humtangulia yai kwa siku 10 hadi 14 tu. Boa hatagi, huzaa watoto hai, na huchukua miezi mitatu hadi minne. Baada ya uvimbe ule jike hugeuka tena: sasa anang'ang'ania joto. Mpe sanduku la kutagia hata kama hukukusudia kumzalisha, kubwa kiasi cha yeye kujikunja lote ndani, lenye tundu moja na matandiko yenye unyevu usiochuruzika. Jike asiye na pa kutagia huyazuia mayai.

Ametaga, na hana dume

Hakuna miujiza wala nyoka aliyetoroka usiku. Majike wengi wakomavu, hasa nyoka wa mahindi, hutaga mayai yasiyo na mbegu kama kuku. Lakini usikimbilie kuyatupa. Jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, hata miaka, kwa hiyo aliyenunuliwa akiwa mkubwa anaweza kukushangaza. Na ipo njia ya tatu, yai kukua bila mbegu kabisa. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu mpira mkongwe aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai saba ilhali hakuwa amekaa na dume kwa zaidi ya miaka 15.

Yai zuri ni jeupe, limejaa, lina ngozi kama ya bahasha laini. Yai bovu huwa dogo, la njano, limekunjamana au gumu. Zima taa, shika tochi ndogo nyuma ya yai: ukiona mishipa myekundu, lina kiumbe. Usiligeuze, weka alama ya penseli upande wa juu, liwekwe vile vile lilivyokuwa. Kama huna nia wala nafasi ya kulea vifaranga vya nyoka, yagandishe kwenye friza mapema, siku ile ile. Kungoja wiki nne ndipo uamue ni ukatili.

Ametaga machache, mengine hayatoki

Hapa ndipo majike hupotea, na hapa sina subira. Nyoka wengi humaliza kutaga ndani ya saa chache, au siku moja. Kama ametoa mayai matatu, ametulia, amelala mbali na mayai, na bado unaona uvimbe wa mviringo nyuma ya mwili, hesabu muda tangu yai la mwisho. Zikipita saa 24 piga simu kwa daktari wa wanyama anayejua mijusi na nyoka. Zikifika 48 awe mezani kwake. Anayekakamaa na kusukuma bila kitu kutoka, anayetoka damu, au aliye na nyama nyekundu inayochungulia chini ya mkia hangojwi hata saa hizo.

Sababu ni nyingi na mara nyingi zimechanganyika: hakuwa na sanduku, kizimba kilikuwa na baridi, alikosa maji, ana mafuta mengi, misuli ni dhaifu kwa kukaa bila kutembea, ni mdogo mno kwa uzazi wa kwanza, au yai lenyewe ni kubwa na limepinda. Chatu mpira jike aliye chini ya gramu 1,500 hakupaswa kuwekwa na dume.

Ukiwa njiani kumtafuta daktari, rudisha joto sahihi, mwekee sanduku, mlaze kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi unene wa mwili wake kwa dakika 20, kisha mwache gizani. Usilikamue yai kwa vidole. Naandika hili kwa sauti kubwa kwa sababu ushauri huo unazunguka sana: mrija wa mayai ni mwembamba, yai lililokwama huwa limeshikamana nao, na ukilisukuma mrija unapasuka au unatoka nje wote.

Daktari atampiga picha ya eksirei au altrasaundi kuhesabu yaliyobaki. Anaweza kujaribu oksitosini, homoni ya kuchochea uchungu, ingawa kwa nyoka haifanyi kazi vizuri kama inavyofanya kwa kobe, na uwezekano wake hupungua kadiri siku zinavyopita. Njia nyingine ni kuvuta maji ya yai kwa sindano ili lisinyae, au upasuaji. Mpelekee tarehe zako: siku ya uvimbe, ya gamba, ya yai la kwanza.

Pumzi yenye sauti

Hili ni fupi. Mlio wa kubofya, mapovu puani, mdomo wazi, kichwa kilichoinuliwa ili apate hewa: maambukizi ya njia ya hewa, iwe Desemba au Juni. Mluzi mwembamba siku chache kabla ya kujivua unaweza kuwa gamba lililolegea puani. Ukibaki baada ya gamba kutoka, nenda kwa daktari.

Msimu umekwisha na bado hali

Jike aliyetoka kutaga ana ngozi iliyolegea na njaa kubwa, ila harufu ya mayai humwambia aendelee kulinda. Chatu hukaa juu ya mayai yake hadi yaanguliwe. Ukiyahamisha, muoshe jike kwa maji ya uvuguvugu, tupa matandiko yote, safisha kuta na maficho, kisha subiri siku mbili tatu. Mpe windo dogo kuliko alilozoea, kila siku tano hadi saba, mpaka mgongo ujae. Mwaka unaofuata asipandishwe kabla uzito wake haujarudi pale ulipokuwa.

Dume naye mwanzie windo dogo. Wengi hurudi wenyewe usiku ukianza kuwa na joto. Kama madume wenzake chumbani wameshakula mara mbili tatu, joto ni sahihi, na yeye bado anageuza kichwa, chukua choo chake kibichi kwenye chombo safi kikapimwe minyoo na vijidudu vya utumbo. Na kama alikula akatapika, na unaona uvimbe mgumu katikati ya mwili usioondoka, mtenge na wengine, tumia vifaa vyake peke yake, na umwambie daktari apime kriptosporidia, vijidudu vya tumbo vinavyoambukiza.